Nimebadilika Mara Mbili Juu ya Brexit

Wa alaykum salaam mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa kwenye basi natoka zamu ya usiku. Umeniuliza mbele ya ukoo mzima, basi na jibu nalileta mbele ya ukoo mzima. Ulisema hivi: "Shangazi, mwaka 2016 ulitwambia Waingereza wamejitia hasara wenyewe kwa kujitoa Ulaya. Mwaka 2021 ukatwambia heri walitoka, tazameni chanjo. Juzi umemwambia baba kuwa lilikuwa kosa. Sisi tufuate neno lipi? Na kama Mzungu wa Ulaya hana tena upendeleo huko, si ndiyo nafasi yetu sisi?"

Umenishika. Nimebadilika mara mbili, na mara zote mbili nilisema nilichokiamini siku ile. Nitakueleza kilichonigeuza, kisha swali lako la mwisho nitalijibu pia, maana nadhani ndilo ulilotaka kuliuliza tangu mwanzo.

Nyanya yako mwaka ule aliuliza jambo ambalo sijalisahau: "Watatokaje Ulaya, na wao ndio Ulaya?" Kwetu mtu akipanda ndege kwenda London amekwenda Ulaya, basi. Huku sivyo. Mwingereza akisema Ulaya, mara nyingi ana maana ya watu wa ng'ambo ya bahari yake, Wafaransa na Wajerumani, na ule Umoja wa Ulaya wa nchi 28 ambao yeye alikuwa mmoja wao. Tarehe 23 Juni 2016 wakapiga kura ya kubaki au kutoka katika Umoja huo, na kutoka huko ndiko kunakoitwa Brexit: milioni 17.4 wakasema tutoke, milioni 16.1 wakasema tubaki. Hapa Coventry ninapoishi, zaidi ya nusu walitaka kutoka, kama 55.6 kwa mia.

Nami nilipiga kura. Hili wengi nyumbani hamlijui: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali waliruhusiwa kupiga kura ile, Mkenya, Mtanzania, Mganda, wakati Mpoland aliyeishi hapa miaka kumi hakuruhusiwa. Nilikwenda na pasipoti yangu ya Kenya mkobani nikachagua kubaki, lakini sikuchagua kwa moyo mkunjufu. Tangu Julai 2012 mtu kama mimi akitaka kumleta mume ilibidi aonyeshe mshahara wa pauni 18,600 kwa mwaka. Mlezi wa wazee hapati hizo kwa kazi moja. Nilifanya kazi mbili, mchana nyumba ya wazee, usiku kufagia maofisi, na bado mume wangu alikaa Mombasa miezi kumi na minne akisubiri. Mwenzangu wa kazi kutoka Poland, mshahara wetu mmoja, alimleta mumewe kwa basi siku ya Jumamosi, na Jumatatu yule mume akaenda kutafuta kazi. Hakuulizwa senti. Sikumchukia, alikuwa mtu mwema na alinifunza mengi, ila uchungu niliuona. Wenzetu wengi, Waafrika na Wahindi, walipigia kura kutoka kwa uchungu huohuo. Waliambiwa mlango wa Ulaya ukifungwa wa Madola utafunguka. Hilo ndilo neno ulilolisikia wewe pia, limechelewa tu kufika Kisauni.

Basi huo ndio uliokuwa msimamo wangu wa kwanza. Uingereza ikatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, lakini kwa muda wa mpito kanuni za Ulaya ziliendelea kufuatwa mpaka tarehe 31 Desemba mwaka huohuo. Uziweke akilini tarehe hizi.

Kisha korona. Aprili na Mei 2020 katika nyumba niliyokuwa nikifanya kazi tulipoteza wazee tisa. Tisa, mwanangu, katika nyumba yenye vitanda thelathini na nne. Barakoa zilitufikia kwa kuhesabiwa, moja kwa zamu nzima. Aproni zilipokwisha tulijifunga mifuko ya taka. Wako wazee waliokata roho nimewashika mkono mimi, mtu wa Mombasa, kwa sababu watoto wao waliozaliwa mtaa wa pili walikatazwa kuingia. Nilikuwa nikirudi nyumbani navua nguo mlangoni, naoga, ndipo nawasalimu wanangu. Hayo sikuwaambieni, nilikuwa nikisema tu "tuko salama".

Ndipo tarehe 8 Desemba 2020, katika hospitali ya hapahapa Coventry, bibi mmoja wa miaka 90, Margaret Keenan, akachomwa sindano ya Pfizer, mtu wa kwanza duniani nje ya majaribio. Hospitali ile naiona nikipita na basi. Nilikaa mbele ya televisheni nikalia mpaka mwanangu mdogo akaogopa. Januari ikafika zamu yetu, maana wakaazi wa nyumba za wazee na wanaowalea waliwekwa kundi la kwanza kabisa. Nikachanjwa ile ya Oxford na AstraZeneca. Siku zile Uingereza walikuwa wakifa zaidi ya watu elfu kwa siku. Kufikia katikati ya Februari watu milioni 15 walikuwa wameshapata sindano ya kwanza, na upande wa pili wa bahari, Ujerumani, Ufaransa, Italia, foleni zilikuwa hazijasogea.

Hapo ndipo nilipogeuka, na ugomvi wa chanjo ndio ulionimaliza kabisa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Umoja wa Ulaya uliamua kuwanunulia wanachama wote kwa pamoja, na Uingereza, ilipokaribishwa katika mpango ule kiangazi cha 2020, ikakataa ikanunua peke yake. Januari 2021 AstraZeneca ikawaambia Ulaya kwamba viwanda vyake vya Ubelgiji na Uholanzi vimekwama, na dozi walizotarajia kwa miezi mitatu ya kwanza zitapungua kwa zaidi ya nusu. Ulaya wakapandwa na hasira: mbona Waingereza wanapata zao kamili? Mkuu wa kampuni, Pascal Soriot, akajibu kuwa Waingereza walikubaliana naye miezi mitatu mapema. Baadaye mikataba ilipoonekana, wa Ulaya ulikuwa na saini ya tarehe 27 Agosti 2020 na wa Uingereza tarehe 28, siku moja baadaye. Tofauti ilikuwa ndani ya maneno, na katika pesa na kazi ambazo Uingereza ilianza kuziweka tangu Mei, kuandaa viwanda vya nchini kabla hata haijajulikana kama chanjo itafanya kazi. Mkataba wa Waingereza uliibana kampuni zaidi. Wa Ulaya ulisema kampuni itafanya "juhudi za busara kadiri iwezavyo", na maneno ya namna hiyo wajua mwenyewe yalivyo mapana.

Ijumaa usiku, tarehe 29 Januari 2021, nilikuwa zamu. Mwenzangu ni muuguzi kutoka Derry, Ireland Kaskazini. Akaja jikoni na simu mkononi, uso umembadilika rangi. Tume ya Ulaya, chombo kinachoendesha Umoja ule, chini ya Ursula von der Leyen, ilitaka kutumia Kifungu cha 16 cha Itifaki ya Ireland Kaskazini, yaani kifungu cha dharura katika makubaliano ya kuuacha wazi mpaka kati ya Ireland Kaskazini, iliyo ya Uingereza, na Ireland, iliyo ya Umoja wa Ulaya, ili kuzuia chanjo zisipenye kuingia Uingereza kwa njia ya mpaka ule. Mpaka huo, mwanangu, watu wameuawa kwa ajili yake miaka thelathini, na mazungumzo yote ya Brexit yalihangaika miaka minne ili usirudishiwe vizuizi. Na hawa wakataka kuugusa kwa sababu ya chupa za dawa. Kabla usiku haujaisha walirudi nyuma wakafuta, lakini yule mama alikuwa ameshaketi kwenye kiti anatetemeka. Akaniambia, "Mimi nilipiga kura ya kubaki, na leo naona haya." Nikamwambia na mimi pia. Siku hiyohiyo Rais Macron wa Ufaransa alisema chanjo ya AstraZeneca karibu haifanyi kazi kwa watu wa zaidi ya miaka 65, na mimi nina wazee ishirini na tano vyumbani ambao tumewachanja nayo au tuko mbioni kuwachanja.

Basi ndipo nikawaandikieni kuwa heri walitoka. Sikuwa peke yangu. Miezi ile wachunguzi wa maoni waliona wanaosema kujitoa lilikuwa kosa na wanaosema lilikuwa sawa wakikaribia kulingana. Watu waliolia mwaka 2016 walisema hadharani wamebadilika. Mtu aliyeokolewa hamuulizi aliyemwokoa kuhusu siasa zake, na mimi nilijiona nimeokolewa.

Kilichonigeuza mara ya pili kilianza nyumbani kwetu.

Babu yako aliaga dunia Machi 2021. Wewe ulikuwepo, ulimbeba. Alikuwa na miaka 74 na hakuwa amechanjwa, kwa sababu chanjo za kwanza za Kenya, dozi milioni moja na kidogo kupitia COVAX, ule mpango wa dunia wa kugawia nchi chanjo, zilifika tarehe 3 Machi, na zikaanzia kwa madaktari, walimu na polisi. Wazee wa miaka 58 kwenda juu walifunguliwa mwisho wa mwezi, siku tisa baada ya kumzika. Mimi, bintiye, nilikuwa nimeshachanjwa tangu Januari. Nilipanga nije kwenye arobaini. Tarehe 9 Aprili Uingereza ikaiweka Kenya kwenye orodha nyekundu ya nchi zilizowekewa vizuizi vya safari, Kenya nayo ikajibu kwa kusimamisha ndege za abiria kati ya nchi hizi mbili, na hata ningepita njia nyingine, kurudi kungenigharimu pauni 1,750 za karantini ya siku kumi hotelini. Hitima ya baba yangu niliisikiliza kwa simu, nimeketi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba ya wazee, na kengele za vyumba zinalia.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza dozi zilikwenda wapi. Zile za Kenya zilitoka kiwanda cha Serum, India. Na Machi hiyohiyo Uingereza, yenye viwanda vyake yenyewe, ilipokea dozi milioni tano kutoka kiwanda kilekile cha Serum, katika oda ya milioni kumi. Milioni tano kwa nchi iliyokuwa imeshachanja wazee wake karibu wote, milioni moja kwa nchi yetu ya watu zaidi ya milioni 47. Kisha India ikaelemewa na maradhi yake, ikazuia kupeleka nje, na nyanya yako akabaki na sindano moja, kadi mkononi, akisubiri ya pili. Waliokuwa wakigombana Brussels na London walikuwa na haki yao kila mmoja kwa mujibu wa karatasi yake. Lakini katika makaratasi yale yote baba yangu hakuwamo.

Nikasoma zaidi, nikaona pia kwamba lile nililowaambieni halikuwa kweli kama nilivyolisema. Waziri wa afya wa wakati ule, Matt Hancock, alidai Desemba 2020 kuwa chanjo imeidhinishwa haraka kwa sababu ya Brexit. Zile tarehe nilizokwambia uziweke akilini, sasa zitazame: idhini ilitolewa tarehe 2 Desemba 2020, bado kanuni za Ulaya zikifuatwa, na mkuu wa mamlaka ya dawa, June Raine, alieleza siku hiyohiyo kuwa wametumia sheria ya Ulaya inayoruhusu idhini ya dharura. Hata kununua peke yako hakukuhitaji kutoka. Hungary ilikuwa mwanachama na ilinunua chanjo za Urusi na China yenyewe.

Na ile sindano ya kwanza ya Coventry niliyoililia? Waliobuni chanjo ile ni mume na mke wenye asili ya Kituruki, Uğur Şahin na Özlem Türeci, huko Mainz, Ujerumani. Ilitoka kiwanda cha Puurs, Ubelgiji. Aliyeidunga ni muuguzi mzaliwa wa Ufilipino, May Parsons. Katika wiki sita, tangu mwanzo wa Februari mpaka katikati ya Machi 2021, dozi zaidi ya milioni kumi zilitoka Umoja wa Ulaya zikaja Uingereza, hata huku tukiwatukana. Hilo hatukuambiwa kwa sauti ileile.

Sitaki kudhulumu upande wa pili. Kama Uingereza ingebaki mwanachama, naamini ingebanwa na wenzake inunue nao, na pengine wazee wangu wangesubiri wiki kadhaa zaidi. Kwa wiki zile wengine wangekufa. Hilo nalijua, na ndiyo maana simlaumu mtu aliyegeuka kama mimi akabaki hukohuko. Serikali ile ilifanya uamuzi mzuri wa kutoa pesa mapema na kumweka Kate Bingham, mtu anayeijua biashara ya dawa, asimamie. Ninachokataa ni kuuita uamuzi wa mwaka mmoja kuwa ni faida ya Brexit milele. Kabla 2021 haijaisha, Ureno na Uhispania, zilezile zilizosubiri, zilikuwa zimeipita Uingereza kwa sehemu ya watu waliokamilisha chanjo.

Nyanya yako alipata ya pili Juni, na wajua ilitoka wapi? Denmark. Nchi za Ulaya ziliisimamisha AstraZeneca Machi kwa hofu ya damu kuganda, Denmark ikaiacha moja kwa moja Aprili, na dozi 358,700 ikawapa Kenya. Nakumbuka simu yake: "Walichokikataa wao ndicho wanachotuletea sisi?" Nilimjibu kwamba ndiyo ileile niliyochanjwa mimi, na kwamba kwa mtu wa umri wake hatari ya korona ni kubwa kuliko hatari ya sindano. Akaenda. Lakini sikuweza kumwambia kuwa swali lake ni baya. Uingereza nayo ikaleta dozi 817,000 za AstraZeneca kiangazi kile, halafu ikifika Septemba ikatangaza kanuni za safari ambazo kwazo mtu aliyechanjwa Kenya anahesabiwa hajachanjwa. Chanjo yao wenyewe, imetoka kwao, ikishaingia mkono wa mtu wa Mombasa inakuwa si chanjo! Baada ya malalamiko serikali mbili zikatoa tamko la pamoja na kanuni ikalegezwa, lakini mimi hasira ile haijanitoka.

Huku nako kazini mambo yakawa mazito. Tangu tarehe 1 Januari 2021 mtu wa Ulaya hawezi tena kuja kufanya kazi bila viza. Yule mwenzangu Mpoland alirudi kwao, wa Romania akahamia Ujerumani, na hakuna aliyekuja mahali pao. Zamu ya usiku ya watu wanne ikawa ya wawili. Mzee akianguka chumba cha tatu, wa chumba cha kumi anasubiri kwenye kitanda kilicholowa. Hilo halikusababishwa na Brexit peke yake, mishahara yetu ni midogo siku zote, lakini mlango ulipofungwa tulihisi sisi tuliobaki ndani. Kufikia Novemba 2022, uchunguzi wa YouGov, kampuni ya kupima maoni ya watu, ulionyesha 56 kwa mia wanasema kujitoa lilikuwa kosa na 32 wanasema lilikuwa sawa. Nami nilikuwa nimeshafika huko.

Kwa hiyo neno langu la leo: ingepigwa kura kesho ningechagua kubaki, na safari hii kwa moyo mzima. Likibadilika tena nitawaambieni, na sababu yake.

Sasa hilo la nafasi yetu. Mlango ulifunguka kweli. Februari 2022 serikali iliruhusu walezi wa wazee kutoka nje kuja kwa viza, na walikuja wengi, Wazimbabwe, Wanigeria, Wahindi, na wa kwetu pia. Tarehe 11 Machi 2024 wakakatazwa kuja na wake, waume na watoto wao. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wa walezi wapya kutoka nje ukafungwa kabisa. Umekaa wazi miaka mitatu na miezi michache. Katika muda huo nimewapokea nyumbani kwangu wasichana wawili waliolipa mawakala maelfu ya pauni, mmoja aliuza shamba la mamake, wakafika wakakuta mwajiri hana kazi ya kuwapa. Mmoja alilala sebuleni kwangu miezi mitano.

Ndiyo maana niliposikia mwishoni mwa ujumbe wako kuwa kuna mtu Nyali anayekuahidi "kazi ya ulezi Uingereza" kwa shilingi laki saba, usingizi uliniruka na huku nimetoka kukesha. Kazi hiyo anayokuuzia haipo kwenye sheria ya leo. Kama ni masomo, au uuguzi wenye cheti na usajili, hizo ni njia nyingine na tutazizungumza, nitakusaidia kadiri niwezavyo. Lakini usimpe hata shilingi. Karatasi aliyokupa ipige picha pande zote mbili unitumie leo, niisome kabla sijaingia zamu saa mbili usiku.